Nguru wa Kioko na Bei ya Dola

Bimdogo hakuwa mtu wa kuiombea nchi yake mabaya. Lakini wiki ile ya Machi, mwaka wa tisini na tano, kila akimaliza kusali alfajiri aliongeza dua moja ya pembeni: shilingi ianguke. Isianguke sana, ikavunjika. Ianguke senti themanini tu, kisha iinuke ijipanguse iende zake.

Sababu ilikuwa friza. Friza yake ya zamani, iliyomfanyia kazi miaka kumi na moja, ilikuwa imekoroma siku tatu kisha ikanyamaza, na barafu za ukwaju alizokuwa akiwauzia watoto wa chuoni zikageuka maji sakafuni. Makupa, hapo Mombasa, palikuwa na mfanyabiashara mmoja, Gunga, mwenye friza za mtumba kutoka Dubai. Moja ilimwingia Bimdogo moyoni: nyeupe, mlango wa juu, ina kufuli. Elfu kumi na nane.

"Nakuwekea hadi Jumamosi adhuhuri," Gunga alimwambia. "Baada ya hapo namuuzia Chonga wa Ganjoni. Yeye pia auza barafu."

Huyo Chonga alitia rangi kwenye barafu zake ukwaju usionekane ulivyo mchache. Bimdogo aliona afadhali friza ile izame baharini.

Pesa alikuwa nazo, ila zilikuwa za kizungu: dola mia nne alizoletewa na mwanawe Bakari, mpishi wa meli, zikakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jumatatu, kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha la Bwana Kingi, dola moja ilikuwa shilingi arubaini na nne na senti ishirini. Alipopiga hesabu, zikapungua mia tatu na ishirini. Angeweza kuazima kwa jirani yake Mwanatumu, lakini ukiazima kwa Mwanatumu mtaa mzima hupata habari kabla noti haijakufika mkononi. Basi dola ifike arubaini na tano, na ifike kabla ya Jumamosi.

Bahati nzuri, mtu aliyeandika ubao wa Bwana Kingi alikuwa akilala juu ya kichwa chake. Kioko, kijana wa Machakos, alipanga chumba cha ghorofani katika nyumba ya Bimdogo, akilipa vizuri na kupika vibaya. Jioni ile alimkuta nyanya mwenye nyumba amemsubiri kwenye ngazi.

"Mwanangu, hebu nambie. Hiyo dola hupandishwa na nani?"

"Hakuna mtu, nyanya. Ni vipimo vya uchumi." Kioko alikaa kwenye ngazi, akafurahi kuulizwa. "Serikali hutoa takwimu. Bei za vitu zimepanda kiasi gani, riba ni ngapi, kahawa na chai tumeuza ng'ambo kiasi gani. Watu wakiona bei zapanda mbio, huona shilingi itakuja kupoteza nguvu, basi hukimbilia dola. Dola yapanda. Wakiona mambo mazuri, hurudi kwa shilingi. Alhamisi takwimu za bei zinatoka."

"Kwa hivyo nyanya zikiwa ghali, mimi nafaidi?"

"Ukiwa na dola, ndiyo."

Bimdogo alifikiri. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nikinenepa, wa kwetu wacheka; nikikonda, mwenye mtoto ng'ambo acheka."

"Mwezi?"

"Mwezi wapi! Nipe mji."

"Nakupa Machakos."

"Nimekwenda Machakos, nimekula muthokoi wao wa mahindi na maharagwe, nimelala, nimerudi na vumbi la miguuni. Shilingi hiyo, mwanangu. Nawe wazishika kutwa!"

Kesho yake Bimdogo alikwenda soko la Marikiti kupima uchumi mwenyewe. Alianza kwa Kenga, muuza ndimu, ambaye alimjua miaka mingi na kumwogopa kwa kupunguza bei.

"Ndimu ngapi leo, Kenga?"

"Shilingi moja moja, mamangu. Wewe nakupa tatu kwa mbili."

"Kwani zina nini?"

"Hazina kitu! Tamu... yaani, kali sana."

"Sasa mbona wazitupa? Wiki iliyopita zilikuwa shilingi na nusu. Zipandishe!"

Kenga alimtazama, akatazama ndimu zake, akamtazama tena. Miaka yote ile mama huyu alikuwa akimkamua kuliko anavyokamua ndimu zenyewe. "Mamangu, u mzima?"

"Mzima. Nchi ndiyo nataka iugue kidogo. Niuzie kwa shilingi mbili, na mtu akikuuliza, mwambie mbili."

Alinunua ndimu nne kwa shilingi nane, akenda kwa muuza vitunguu akafurahi kusikia vimepanda, akamsifu muuza nazi kwa tamaa yake. Alirudi nyumbani kikapu chepesi, mkoba mtupu, na uso wa mtu aliyetoka harusini.

Jumatano dola ilikuwa arubaini na nne na thelathini. Alasiri, wanawake walipokusanyika kibarazani kwa Bimdogo kwa kahawa na kashata, hakukuwa na mazungumzo mengine. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto Dubai au Maskati, na kila mmoja alikuwa na noti mbili tatu zimefungwa kwenye pindo la leso.

"Shoga, wewe wakaa na mtu wa dola," Mwanatumu alisema. "Yuwasemaje?"

"Ayasemayo ni mengi. Mie siangalii mdomo wake, naangalia sufuria yake."

"Sufuria?"

Bimdogo akashusha sauti. Kwa wiki tatu alikuwa ameona jambo. Kioko akipika muthokoi au maharagwe, kesho yake dola imepanda. Siku mbili alizopika kuku, dola ilianguka. "Yule ndiye azipataye habari mwanzo. Shilingi ikinona, naye anona. Ikikonda, ala mahindi. Ana vipimo vyake, nami n'na changu."

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyecheka, maana wote walijua harufu ya jikoni haina unafiki.

Alhamisi saa saba redio ilitangaza: bei za vitu zilikuwa zimepanda kuliko ilivyotazamiwa. Bimdogo alipiga kigelegele peke yake jikoni, akatafuta kipande cha kitambaa cha kufutia friza itakapofika.

Lakini saa kumi na moja Kioko aliingia mlangoni na samaki. Si vibua, si dagaa. Nguru mzima, mrefu kama mkono wa mtu, mkia wake umetokeza nje ya gazeti. Kwa mkono wa pili alishika nazi mbili na pakiti ya mchele wa Pishori. Alisalimu mbio mbio, akapanda ngazi akipiga mluzi.

Kibarazani kahawa ilipoa vikombeni.

"Nguru!" alisema Mwanatumu.

"Mzima," alisema Bimdogo. "Kuku tu waangusha dola senti thelathini. Nguru mzima si ataivunja mgongo?"

"Lakini redio imesema..."

"Redio yasomewa karatasi. Huyu atoa pesa mfukoni!"

Ilipofika magharibi, uchochoro mzima ulikuwa umearifiwa kwamba dola inakufa kesho.

Ijumaa, saa tatu kasorobo, Bwana Kingi alifika kufungua duka lake akakuta wanawake ishirini na saba wamepanga foleni ukutani, mabuibui meusi kama mstari wa wino, kila mmoja ameshika pindo la leso. Bimdogo alikuwa wa saba. Angekuwa wa kwanza kama asingerudi nyumbani kutazama kama amefunga mlango.

Mlango ulipofunguliwa, Kioko alipanda juu ya stuli na chaki. Ubao ulisema arubaini na nne na sitini.

"Wote mwataka nini?" Kingi aliuliza.

"Kuuza dola!"

Bwana Kingi alikuwa amesikia redio, na alijua dola ilipaswa kupanda siku ile. Lakini alikuwa mtu wa Mombasa pia. Wanawake hawa watoto wao wamejaa bandari zote za dunia. Kama ishirini na saba wamekimbia asubuhi moja kutupa dola, basi kuna jambo wamelijua ambalo redio hailijui.

"Kioko, andika arubaini na nne na kumi."

Kioko akafuta, akaandika. Foleni ikaguna. Wale wa nyuma wakasukuma wa mbele.

"Mwaona? Yaanguka!" Mwanatumu alilia.

Wakaja wanawake wengine watano, wakihema. Kingi akawaona. "Andika arubaini na tatu na tisini."

Bimdogo alisoma ubao, akageuka kutazama foleni, akatazama ubao tena. Wakaja wawili wengine kutoka upande wa Kibokoni. Ubao ukashuka arubaini na tatu na nusu. Hapo kitu kikamgonga. Kila ushungi ulipotokeza kwenye kona, chaki ilishuka. Dola haikuwa ikianguka kwa sababu ya nchi. Ilikuwa ikiangushwa na wao wenyewe.

Akatoka kwenye foleni, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya stuli.

"Kioko!"

"Naam, nyanya."

"Jana ulikula nguru kwa nini?"

Kioko akaona aibu. "Nyanya, hapa kazini..."

"Sema, mwanangu. Watu wanaangamia."

"Baba yake Mutanu alikuja," Kioko alisema polepole. "Yule msichana ninayetaka kumwoa. Nilikopa mshahara nimpikie kitu cha Mombasa. Alikitazama kile kichwa cha samaki, kichwa kikamtazama. Akaniuliza nyama iko wapi. Amelala na chai tupu."

Kicheko kilianzia mbele kikakimbia hadi barabarani, na waliokuwa mbali wakacheka kabla hawajaelezwa. Mwanatumu alijishika ukuta.

"Na wale kuku?" Bimdogo aliuliza.

"Kuku ni wa Jumapili, nyanya. Hata nyumbani tunakula."

"Subhanallah. Nami nimemtegemea mtu apikaye kwa ratiba!" Akajifunga leso upya. "Haya, mabibi, twendeni zetu. Dola hazina ugonjwa."

Foleni ikavunjika kama ilivyokuja. Bwana Kingi alikamata simu, akapiga kwa mwenzake wa barabara ya Moi. Aliposikia jibu, alikaa. Huko dola ilikuwa arubaini na tano na senti kumi tangu asubuhi. Na saa tano wakala wa meli wa Shimanzi angekuja kuchukua dola elfu tano alizoahidiwa, na kwenye kasha la Kingi hazikufika nusu yake.

Alitoka mbio mpaka barabarani, koti bega moja. "Mamangu! Mama zangu! Rudini! Arubaini na nne na themanini!"

Bimdogo hakugeuka. Aliendelea kutembea, ila polepole, kama mtu aliyeingiwa na kijiwe kiatuni.

"Na tisini!"

"Mie nina swala ya Ijumaa ya kuandaa, Bwana Kingi."

"Arubaini na tano! Wallahi, zaidi ya hapo nafunga duka!"

Kijiwe kikatoka kiatuni.

Jumamosi saa nne, Bimdogo alikuwa Makupa na elfu kumi na nane zimefungwa kwenye leso mafundo matatu. Friza ilikuwa pale pale, nyeupe, na kufuli lake. Gunga alikuwa amebandika karatasi mpya juu yake: elfu kumi na nane na mia tano.

"Hii nini, mwanangu?"

"Mama, si umesikia? Bei zimepanda, dola imepanda. Hii ni kitu ya nje."

Bimdogo aliona haya. Wiki nzima ameomba jambo hilo hilo. Hata hivyo hakuona haja ya kumweleza Gunga.

"Friza hii imefika lini?"

"Januari."

"Na tangu Januari imekaa hapa?"

"Hapa hapa."

"Haijakwenda Dubai ikarudi? Labda juzi, ulipokuwa umelala?"

Wateja wawili waliokuwa wakitazama pasi waligeuka kusikiliza.

"La, mama, lakini..."

"Basi uliinunua dola ikiwa imekaa kitako, nawe wataka kuniuzia kwa dola iliyosimama. Hiyo iliyosimama kanunulie nyingine, kisha niite nije nitazame bei yake. Hii ni ya Januari. Na wewe ulinipa neno lako hadi adhuhuri. Jua liko wapi?"

Gunga alitazama juu. Jua halikumsaidia. Wale wa pasi walikuwa washaanza kuuliza pasi nazo zilifika mwezi gani.

"Chukua, mama," alisema haraka, akibandua karatasi. "Chukua uende, kabla hujaniharibia duka."

Bimdogo alifungua mafundo matatu, akampa, akamtazama akihesabu mara mbili. Kisha akaita mwenye mkokoteni aliyekuwa kivulini. Alikuwa amebakiza shilingi mia, za kazi hiyo hiyo.

"Mpaka Mji wa Kale? Mia na hamsini, mama."

"Tangu lini? Ni mia!"

Hamali akapangusa jasho, akaitazama friza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua mambo. "Dola, mama. Imepanda."

"Na mkokoteni wako watembelea dola?"

"Mimi sijui yatembelea nini. Lakini kila mtu asema imepanda."

Bimdogo alicheka mpaka akaegemea friza yake. Halafu akavua viatu, akavitupa ndani, akafunga kwa kufuli, akakunja buibui kiunoni.

"Mia," alisema, "na mimi nasukuma nyuma. Twende, mwanangu, watoto wana kiu."