Bukari ya Bwana Orhan

Bukari ile, ugali wa mahindi, Fidélie aliisonga kwa chuki, mwiko ukigonga sufuria hadi jirani akauliza anagombana na nani.

Alikuwa akigombana na mashini. Kwa miezi mitano mashini yake mpya ya kusaga, iliyotoka Uturuki, ilikuwa ikimwaga chuma ndani ya unga wa watu wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Nyundo zake, zile zinazoponda mahindi, zilikuwa za chuma laini, zikalika kama sabuni. Mama Simone, mteja wake wa siku zote, alivunjika jino akila bukari ya unga huo. Kesho yake soko zima likawa linasema Fidélie anaiba unga na kutia mchanga ili kipimo kijae. Wanawake wakaanza kupita mlangoni kwake na mabeseni ya mahindi kichwani, macho wameyakaza barabarani. Jina alilolijenga kwa miaka kumi na moja lilikuwa linakwisha pamoja na zile nyundo.

Alikiandikia kiwanda, akatuma picha. Aliyejibu ni Orhan, muuzaji wao: "Mashini haina kasoro. Mahindi yenu yana mawe. Jifunzeni kuyasafisha."

Hilo "jifunzeni" lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Kisha akasikia Orhan anakuja Likasi kuwauzia mashini wenzake Fidélie wa chama cha wasagaji. Akamwandikia kwa upole: njoo na wateja wako, waione yangu ikifanya kazi. Orhan akadhani mwanamke amesalimu amri. Akaja na wasagaji sita, akawasha mashini mwenyewe, akachota unga kwa kiganja na kuwaonyesha.

Jimmy, mwenyekiti wa chama, akamuuliza, "Patron, tuambie kweli. Hii bunga inaliwa?"

"Inaliwa," Orhan akajibu kwa Kiswahili chake cha hotelini. "Hata mtoto mchanga ataila."

"Basi karibu mezani, bwana," Fidélie akasema, akimletea maji ya kunawa. "Minye nilikupikia bukari ya bunga yenye imetoka mu mashini yako."

Kwenye sahani kulikuwa na bukari, matembele na samaki.

"Asante, nimeshakula."

"Kidogo tu. Kwetu mugeni haondoke na njala."

"Kula, baba," Mama Simone akadakia kutoka kwenye benchi. "Weye ungali na meno yote."

Watu wakacheka. Orhan akamega tonge, akaligeuza, akaona vidoa vyeusi. Akalirudisha sahanini, akafuta vidole kwa leso.

Hapo Fidélie akapitisha sumaku kwenye unga uliobaki. Ikatoka na ndevu za chembe za chuma. Akaizungusha mbele ya kila msagaji, polepole, kwa raha ambayo hakujaribu kuificha.

"Jina yangu mufute kwa ile liste ya wenye kununua," Jimmy akasema. Wale watano wakafuata.

Jioni hiyohiyo picha ya sumaku ilikuwa imewafikia wasagaji wa Kakanda, Kolwezi na Lubumbashi.

Siku ya tatu kiwanda kikaandika. Kingemletea mashini nyingine kamili, bure, kwa sharti moja: aombe radhi kwenye grupu ya WhatsApp ya wasagaji, na aseme unga ule haukuwa na tatizo.

Jimmy akaja mbio. "Dada, andika tu. Maneno haina kilo. Mashini iko na kilo."

Fidélie akaitazama mashini iliyozimwa. Alihitaji nyingine, tena sana. Lakini kama unga haukuwa na chuma, basi jino la Mama Simone lilivunjwa na mchanga, na mchanga uliwekwa na nani?

Akachukua simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti kwenye ile grupu.

"Bwana Orhan, ni minye Fidélie wa Kikula. Bunga ilikuwa na chuma, na chuma ilitoka kwako. Mashini yako mupya ubakie nayo. Ukirudia Likasi nitakusongea bukari tena, na nitaita bantu wengi kupita wale. Pardon siombi. Leo siombi, na kesho siombi."