Nani Kachuma Kopou

Kishada cha kwanza cha maua kilipotoweka, Nirupoma aliwasingizia tumbili. Cha pili kilipotoweka alikwenda kukitazama kikonyo, akakuta kimekatwa kwa kisu, na tumbili hawana visu. Hapo damu ikaanza kumchemka.

Okidi ile, kopou, aliifunga mwenyewe kwa makumbi ya nazi kwenye shina la mfenesi nyuma ya nyumba, usawa wa kifua, mwaka alioolewa. Mmea wenyewe mfupi, majani manene yasiyozidi shibiri. Lakini ukiunywesha maji ya kuoshea mchele na kuukinga na jua kali, ikifika sikukuu ya Bihu ya mwaka mpya unaning'iniza vishada vyeupe vyenye madoa ya waridi, virefu kama mkia wa paka. Na pale kijijini kila mtu anajua kopou ni ya nini. Mwanamume hampi mwanamke kopou kwa sababu mwanamke anaumwa kichwa. Humpa aichomeke kwenye shungi, na akishaichomeka, mambo yao yameiva.

Sasa Bhogeswar, mumewe, siku hizi alikuwa anaamka kabla yake. Siku hizi alichana nywele. Na ng'ambo ya uzio wa mianzi alikaa Jonali, wifi wa ujirani tu, mfumaji, aliyeachwa na mume, mwenye shungi kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Nirupoma hakuhitaji kuambiwa. Alijiapiza kwamba ikithibitika, atafunga virago na kurudi kwa kaka yake, mwanawe Pomi mgongoni.

Lakini mdomo haukungoja uthibitisho.

"Wifi Jonali, maua yangu yamekupendeza?"

"Maua gani?"

"Hayo unayoletewa asubuhi asubuhi."

Jonali aliacha kufuma. "Mimi nikitaka ua napanda mtini mwenyewe, wifi. Na nikitaka mume, sitaanza na huyo wako anayekoroma mpaka kuku wangu hawalali."

Wanawake waliokuwa wakipita njiani walicheka. Nirupoma aliingia ndani amefura.

Kesho yake alijifanya anakwenda kufua bwawani. Njiani alimwona Bhogeswar yuko shambani, matope mpaka magotini. Akarudi mbio kwa mlango wa nyuma, na kwenye mfenesi palikuwa pamepungua kishada kingine. Kutoka chumba chao cha kufumia alisikia mtu anaimba puani. Akachungulia.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama mbele ya kioo. Alifiwa na mume tangu Bhogeswar ananyonya, na tangu hapo alivaa nyeupe tupu, hata pindo halina rangi. Mjane wa pale havai ua. Akilivaa, ni fedheha yake na ya mwanawe. Kopou ilining'inia kwenye mvi zake, na macho yao yakakutana kiooni.

"Niliivaa Bihu moja tu nikiwa na mume," alisema bibi. "Iliyofuata nikawa mjane. Usimwambie Bhogeswar, mwanangu. Usimwambie mtu yeyote."

Nirupoma alilia kwa huruma. Akamwapia kwa kichwa cha mtoto wake.

Siku ya pili yake, watu wametoka kula, Jonali aliingia uani bila hodi.

"Nimekuja kusafishwa," alisema. "Nimeitwa mwizi wa maua na wa waume. Nani kachuma?"

"Hata mimi nataka kujua," alisema Bhogeswar, akamgeukia mkewe. "Haya, Mama Pomi, sema."

Mama mkwe alikuwa akikata popoo za kutafunia na tambuu. Hakuinua macho.

"Nilichuma mwenyewe," alisema Nirupoma. "Nisamehe, wifi."

Jonali alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaenda zake kuwagawia wengine uhondo. Bhogeswar hakucheka.

"Ulichuma mwenyewe," alirudia polepole. "Kichwani sijakuona nayo hata siku moja. Ulikuwa unamvalia nani?"

Nirupoma alimtazama mama mkwe. Kisu kilikuwa kimesimama. Neno moja tu la mama kwa mwanawe lingetosha.

"Nisogezee hiyo chokaa, mwanangu," alisema mama mkwe, na kisu kikaendelea.

Nirupoma akamsogezea. Jana alimlilia bibi huyu. Sasa alimchukia mpaka akageuza uso, na Bhogeswar, akiuona uso ule uliogeuka, akaona amekwisha kujibiwa.