Pengo Katikati ya Maharusi

"Mwanangu hasukumwi ukutani kama fagio!"

"Na wangu je? Wangu ndiye wa kuning'inia hewani, eh? Jirani, macho unayo au umeyaanika kwenye kamba?"

Hao ni Mama Kushoto na Mama Kulia. Tumewabatiza hivyo kwa sababu milango yao inatazamana kwenye korido yetu nyembamba, na miaka yote hawajaacha kugombania kitu: kamba ya nguo, bomba, hata upepo wa dirishani. Kisha binti wa Kushoto na kijana wa Kulia wakapendana. Tukasema afadhali, vita imekwisha. Thubutu!

Asubuhi hiyo waligombania kadi ya harusi. Binti, ambaye sote tunamwita Chapa, ana kiduka chake hapohapo koridoni, chini ya ngazi: kompyuta moja, printa inayokohoa, na stuli ya mteja. Kadi yake aliichapa mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, lakini nani wa kumwambia?

Mara ya kwanza alipanga mistari yote ianzie kushoto. Mama Kulia akavaa miwani. "Upande wenu umenyooka kama ukuta, upande wangu umeliwa na panya. Maneno yote yanakimbia mlango wangu!" Chapa akapanga kulia. Panya wakahamia kwa Mama Kushoto, naye akalia kwamba binti yake kashachukuliwa hata hajaombwa ruhusa. Akapanga katikati. Wakaitazama, na kwa mara ya kwanza maishani wakakubaliana.

"Hii kama tangazo la msiba," wakasema.

"Kadi isiponyooka pande zote mbili," Mama Kulia akaongeza, "hakuna harusi."

"Hapo umesema, jirani."

Chapa akatutazama sisi tuliojazana mlangoni, maana nani angebaki kwake siku kama hiyo? Akamtazama na mchumba wake, Fundi, mtengeneza redio, mtu mpole aliyezoea kusikiliza vitu vikikoroma. Kisha akabonyeza kitufe cha kuvuta mistari yote ifike kingo zote mbili. Printa ikakohoa. Mshonaji wa ghorofani akavua futi yake shingoni, akapima kushoto, akapima kulia. Sawasawa! Tukapiga vigelegele.

Vikakatika njiani. Mama Kushoto alikuwa amefika kwenye mstari wa maharusi. Mistari mingine ilikuwa na maneno tele, ikafika kingoni bila taabu. Huu ulikuwa na matatu tu, na kompyuta ilikuwa imeutanua kama shuka la mtoto kwenye kitanda cha watu wazima. Chapa kabanwa ukuta huu, Fundi ukuta ule, na katikati, nyikani, "na" peke yake.

"Wameachana," Mama Kushoto akasema polepole. "Kadi haijatoka, wameshaachana."

"Na huyu wa katikati ni nani?" akauliza Mama Kulia.

"Ni 'na', mama," Chapa akajibu.

"Kafupi hivi, hakana ukoo, kamesimama kati ya mume na mke! Fundi! Unakajua?"

"Sikajui, mama. Naapa."

Mjomba wake Chapa, ambaye hakosi jambo, akalaza kisanduku cha kiberiti juu ya pengo. Kikakaa bila kumgusa mtu. Akatikisa kichwa kama daktari. "Hapa anapita hata mke wa pili, na mizigo yake."

"Mstari huu mmoja naweza kuurudisha katikati," Chapa akasema.

"Ukingo wangu ubaki na shimo?" wakafoka mama wote wawili.

"Basi hakuna harusi," Mama Kulia akamalizia, akageuka kwenda zake.

Hapo Chapa akapiga meza mpaka kipanya kikaruka. "Jamani, mstari una njaa! Maneno matatu utashiba nini? Ulisheni, utatulia! Nipeni maneno!"

Hata printa ilimeza kikohozi.

"Niweke mimi," akasema Mama Kushoto.

"Wapi?"

"Ubavuni pa mwanangu. Ulidhani wapi?"

Mama Kulia akarudi mbio. "Basi na mimi niweke! Ubavuni pa wangu!"

Kadi ikatoka: Chapa, mama yake, mama mkwe wake, na Fundi, mstari mmoja, ukingo hadi ukingo. Mjomba akajaribu kiberiti, kikakwama. Akajaribu njiti; ikapita kwa kuomba njia.

Fundi aliisoma kadi kwa muda mrefu.

"Samahani," akasema. "Kwa mpangilio huu, mke wangu nitamfikiaje?"

"Utazunguka," akajibu mama yake.

Chapa akacheka mpaka akashikilia printa. "Usijali, mume wangu. Njia nitakuonyesha." Akaanza kuchapa kadi zote, kabla mtu hajabadili mawazo.

Mama Kulia hakuwa akisikia. Alikuwa akitazama pale jina lake lilipoegemeana na la jirani yake. Akaenda akafungua mlango wake, na harufu ya vitunguu ikajaa korido nzima.

"Jirani, unasimama nini hapo kama mgeni? Ingia ule. Na nyie maharusi ingieni, ila mkae pembeni. Katikati pana wenyewe."