Fundi Picha na Uso wa Mkewe

Kinyozi hajinyoi, hilo tumelizoea. Lakini fundi picha wa mtaa huu alipitiliza. Kila sebule ilikuwa na kazi yake ukutani, isipokuwa ya kwake mwenyewe.

Kazi zikiwa haba, alichora viwiliwili vya akiba: wanaume wa suti nyeusi, mkono juu ya kitabu kinene, wanawake wa gauni la bluu na mkufu. Mteja akija, kilichobaki ni kumpachika kichwa. Ndiyo maana muuza nyama na mwalimu mkuu walining'inia majumbani mwao na kifua kimoja na kitabu kimoja, na muuza nyama hajapata kumaliza hata gazeti. Vichwa navyo vilihurumiwa: pua ilinyooshwa, upara ukaota nywele, kidevu cha pili kikafutwa. Watu wakafurahi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, wakamwita msanii, naye akavimba kichwa.

"Mimi nachora roho," alikuwa akisema. Roho zote hizo zilikuwa na pua moja.

Basi binti yake wa pekee akapata kazi ng'ambo. Siku moja kabla ya safari akamwambia, "Baba, nichoree mama, niende naye. Picha za simu ninazo. Nataka mkono wako."

Fundi akatwaa gauni la bluu, akapachika kichwa kwa kukumbuka tu, kazi ikaisha chai haijapoa. Binti alipoiona, machozi yakamlengalenga.

"Baba, huyu nani?"

"Mama yako."

"Huyu ni mke wa muuza nyama."

Akajaribu tena, akatoka mke wa mwalimu mkuu. Hapo fundi akaogopa kwelikweli. Miaka yote hiyo anaamka ubavuni mwa mwanamke, na mkono wake haumjui! Akamwita mkewe kutoka jikoni, akamketisha mlangoni penye mwanga.

"Hilo kovu juu ya nyusi ulilipata lini?"

"Nilipoanguka na ndoo. Ulikuwa unamchora diwani, ukaniambia nisipige kelele."

Fundi akachukua turubai tupu, akaanza upya: kovu, mwanya, jicho moja dogo kuliko lenzake, na makunyanzi, ambayo mengine alijua fika nani kayaleta. Aliona aibu, ila hakuacha.

Binti alipotoka kufunga mizigo, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama," akaiambia picha.

Mama mwenyewe akaja kuchungulia. "Haa! Umenizeesha! Mke wa muuza nyama umemnyoosha mpaka pua, mimi mkeo unaniachia makunyanzi yote haya? Hebu punguza, mwanangu asichekwe ugenini."

"Baba, usiguse!"

Fundi akabaki katikati, mmoja kamkazia macho huku, mwingine kule. Neno hilo "punguza" ndilo lililomlisha maisha yake yote. Akachukua brashi kavu, isiyo hata tone la rangi, akaipitisha taratibu juu ya makunyanzi, mara arudi nyuma, mara afumbe jicho moja.

"Tayari, mke wangu."

Mama akasogea, akainamisha kichwa, akatabasamu mpaka mwanya ukaonekana.

"Sasa ndiyo mimi," akasema. "Unaona? Ukitaka unaweza."