Mwezi Uliochomwa Marodoka

Mwezi ule ulichomwa kijijini kwetu Marodoka, katika tanuu ya chokaa ya Mmadi, kwa matumbawe na kuni za mikoko. Nasema mapema, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ukutani mwa sinema ya Mahajanga ilisema mwezi wa kwenye filamu ulitengenezwa Paris. Ilimtaja mshona mavazi. Ilimtaja mwanamke aliyewapaka waigizaji poda. Niliisoma mara tatu, mstari kwa mstari, nikimtafuta Mmadi. Hakuwamo.

Walikuja kisiwani kwetu Nosy Be mwaka wa ishirini na sita kupiga filamu, Wafaransa saba na masanduku arubaini, wakapiga mahema ufukweni Ambondrona. Walitaka watu thelathini. Mkuu wa wilaya akawapa watu thelathini vilevile anavyotoa watu wa kuchimba barabara: kwa orodha, bila kuuliza mtu. Mimi nilikuwa kwenye orodha, na Mmadi pia. Tulidhani tunakwenda kupasua mawe, kumbe tunakwenda kuwa watu wa mwezini.

Fundi wao wa hila, yule ambaye kazi yake ni kukifanya kisichowezekana kionekane, alikuwa mzee mwenye vidole vilivyoungua, Msiyu Armand, yaani Bwana Armand. Huyo simchukii. Nimejaribu, nimeshindwa. Alikuwa na chombo cha kuendea mwezini, cha bati, urefu wake kama mkono wangu. Alikining'iniza kwa uzi mbele ya kamera, na nyuma yake akasimamisha kioo kilichochorwa milima. Ukikaa pembeni, unaona bati, uzi, na mzee anayekohoa. Ukiweka jicho kwenye kamera, unaona kitu kikubwa kuliko meli kinashuka kati ya milima, na unasahau kumeza mate. Nilikwenda pembeni, nikarudi kwenye kamera, nikaenda tena pembeni. Hila niliijua kila mara, na kila mara nilisahau kumeza.

Vumbi lao la mwezini ndilo lililokuwa baya. Walimwaga magunia ya unga wa ngano mchangani, mbele ya watu waliokula muhogo mkavu asubuhi ile, na umande ukaugeuza uji. Mmadi alikuwa mchoma chokaa, kama baba yake na babu yake. Nyumba za mawe za Marodoka zimesimama kwa chokaa yao. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Waambie wewe mwenye Kifaransa," akaniambia. "Waambie mwezi si mkate."

Akawaletea chokaa iliyozimwa kwa maji ikawa unga, aliyoichekecha mara tatu kwa leso ya mkewe. Ukitia mguu inapanda polepole, inakaa hewani, inashuka kwa wakati wake. Msiyu Armand alikaa chini akaimimina kutoka kiganja hadi kiganja.

Kisha ikaja hila kubwa. Watu wa mwezini walitakiwa wainuke kutoka vumbini kana kwamba vumbi ndilo lililowazaa. Namna yake ilikuwa hii: tunavaa vichwa vya plasta, tunatembea kinyumenyume hadi kwenye shimo lililojaa chokaa, tunalala, tunazama. Wao wakiipitisha filamu kutoka mwisho kuja mwanzo, tunaonekana tunainuka na kutembea mbele. Ni rahisi kusimulia. Chokaa ikikutana na jasho inaumiza, na Mmadi alizama mara kumi na tisa kwa siku mbili.

Ili asianguke, alifanya mazoezi uani kwake. Echata mkewe alikuwa akikuna nazi na yeye akipita mbele yake kinyumenyume, makalio yametangulia, mikono imejitenga.

"Unatembea kama bata aliyesahau kitu sokoni," Echata akamwambia.

"Bata wa mwezini," Mmadi akajibu, akamkanyaga kuku.

Mwaka uliofuata kifua chake kikaharibika, na kabla ya Ramadhani tukamzika. Daktari wa serikali aliandika ni kifua kikuu. Mimi niliandika ni chokaa, lakini karatasi yangu haikuwa na muhuri. Picha yake haikuwapo. Hakuna mtu wa Marodoka aliyekuwa na picha wakati ule, ila waliokamatwa.

Mimi nikahamia Mahajanga, nikapata kazi ya kupakua shehena bandarini. Na Mahajanga kulikuwa na sinema.

Nieleze jinsi tulivyokaa, maana vijana wa leo hawaamini. Pazia la kuonyeshea picha lilitundikwa katikati ya jumba. Mbele yake, viti vya mbao vyenye mgongo, kwa Wazungu na waliotaka kufanana nao. Nyuma ya pazia, mabenchi, kwa sisi. Walililowesha pazia kwa maji ili picha ipenye hadi upande wetu, tukawa tunatazama kinyume, maji yanatudondokea miguuni. Mtu wa mkono wa kulia kwetu alikuwa wa kushoto. Na filamu za siku zile zilikuwa bubu, maneno yake yameandikwa. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni. Nikalipa tiketi yangu, nikapewa maandishi yaliyogeuzwa.

Mwaka wa ishirini na tisa tukasema basi. Tuliwaapisha watu mia mbili, Wangazija, Wasakalava, wapakuzi, wafua nguo: hakuna kuingia mpaka tukae mbele. Kila onyesho nilisimama mlangoni na Allaoui, kijana wa bandarini mwenye mabega kama kabati. Wiki ya kwanza walitucheka. Wiki ya tano mwenye sinema, Msiyu Lebon, akatuma karani wake kuuliza kama tungekubali kukaa mbele siku za Alhamisi tu. Tukasema kila siku. Akaomba apewe hadi Jumatatu afikiri. Mtu akiomba muda wa kufikiri, mlango umeshaanza kufunguka.

Ijumaa hiyohiyo ikabandikwa ile karatasi ya mwezi. Filamu ingeonyeshwa Jumapili alasiri, mara mbili, kisha ipande meli kwenda bandari ya Diego, na baada ya Diego haijulikani.

Jumamosi Echata akateremka kwenye meli ya pwani. Alikuwa amelala sitahani siku mbili; mabaharia walikuwa wamefikisha habari ya filamu Nosy Be kabla karatasi haijabandikwa kwetu. Nilimkuta kwa dada yake, Kouraichia, mtaa wa Mahabibo, bado hajavua viatu.

"Shemeji," akasema, "nasikia Mmadi yuko mjini."

Sikujua nicheke au nifanyeje. Nikakaa.

"Echata, watu mia mbili wameapa mbele yangu."

"Wameapa nini?"

"Kutokaa nyuma ya pazia."

"Mimi sikuapa."

"Wewe ni mke wa Mmadi, na wote wanajua mimi na Mmadi tulivyokuwa. Ukipita wewe, nitamzuia nani tena? Tumebakiza siku mbili. Jumatatu atakubali."

"Na Jumatatu Mmadi atakuwa wapi?"

"Baharini."

"Haya," akasema. Akaanza kufungua kamba za viatu, polepole. "Endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza juu ya watoto watakaokaa mbele, juu ya haki, juu ya maandishi yanayosomeka. Alinisikiliza hadi mwisho, na Kouraichia akaleta chai.

"Maneno mazuri," Echata akasema. "Mmadi alikuwa akisema una maneno mazuri. Alisema pia ukianza hujui pa kushukia."

Jioni ile nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumwambia Allaoui. Nilikwenda kwa Msiyu Lebon kumwomba kiti kimoja cha mbele, kwa mjane mmoja, mara moja. Alikuwa akila embe kwa kisu na uma. Aliniuliza kwa nini, nami kwa upumbavu wangu nikamwambia. Akafuta mdomo.

"Mbele, hapana. Lakini nyuma aje, ataingia bure. Na wewe pia, Youssoufa."

Alikuwa ameona panapouma.

Jumapili jua lilikuwa kali, na watu wetu wapatao hamsini walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wakiitazama ile karatasi ya mwezi. Wiki tano hawakuwa wameona hata farasi akikimbia kwenye pazia. Echata akaja amevaa shiromani nyekundu, ile nguo ya wanawake wa Kingazija ya siku za harusi. Allaoui akanyoosha mkono.

"Mama, leo sisi hatuingii."

"Mume wangu yumo humo."

"Kila mke mlangoni pa baa husema hivyohivyo," Allaoui akasema, na watu wakacheka.

Echata hakucheka, hakukasirika. Alimtazama Allaoui, kisha akanitazama mimi, akangoja. Laiti angelia, ningejua la kumwambia. Nilikuwa nimeshazoea kuwarudisha wanaolia.

"Mpishe," nikasema.

"Nini?"

"Mpishe apite, Allaoui."

"Kaka Youssoufa, wiki iliyopita ulimrudisha mzee Tadjiddine hapahapa. Alikuwa na mjukuu mkononi. Ulimwita kibaraka."

"Nakumbuka."

"Sasa huyu ni nani, malaika?"

Nilimshika mkono wake nikaushusha, nao ukashuka, maana hakutegemea. Echata akapita. Nami nikamfuata, kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake kwenye mabenchi yale, na kwa sababu nyingine ambayo naisema sasa kwa kuwa nimezeeka: nilitaka kukiona kile chombo cha bati kikishuka.

Tulikuwa wawili kwenye mabenchi ya watu mia mbili. Maji yalidondoka. Upande wa mbele tulisikia viti na vikohozi vya wenye viti. Kisha taa zikazimwa.

Sitasimulia hadithi ya filamu, ilikuwa ya kipumbavu: profesa, binti wa profesa, kijana mwenye masharubu. Lakini chombo kiliposhuka kati ya ile milima ya kioo na vumbi letu likapanda kukipokea, polepole, likakaa hewani, nilisahau kumeza. Nilikuwa nimeuona uzi kwa macho yangu. Nilikuwa nimemsikia mzee akikohoa.

"Ndilo hilo?" Echata akanong'ona. "Lililoharibu leso yangu?"

"Ndilo."

Kisha ardhi ya mwezi ikatikisika na watu wakaanza kuinuka. Thelathini, weupe, vichwa vya plasta, wote sawasawa. Mimi niliyekuwa mmoja wao sikujitambua. Nilimtafuta Mmadi kulia, kushoto, nikakumbuka tuko nyuma na kila kitu kimegeuka, nikakata tamaa. Miaka yote ile nikijigamba kwamba sisahau kitu.

Echata akapiga paja lake.

"Bata huyo!"

"Yupi?"

"Yule, wa tatu. Tazama makalio. Tazama mikono."

Nikamwona. Alitoka vumbini, akasimama, akatembea kuja kwetu kwa ule mwendo wa uani, akapita karibu sana, akatoka pembeni mwa pazia. Ilikuwa muda wa kusoma Fatiha, ukiisoma bila haraka. Echata alikuwa ameegemea mbele, maji yanamlowesha magoti.

"Hapo kwa kweli alikuwa anakwenda kulala, sivyo?" akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa anazama."

"Na hawa wamemwamsha."

"Wameigeuza filamu tu, Echata."

"Najua, shemeji. Nilikuwapo alipojifunza."

Tulitoka kwenye jua tukipepesa macho. Watu walikuwa wamevuka barabara, wamejaa mlangoni. Allaoui alisimama mbele, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano nimesimama hapa kwa maneno yako. Msaliti wewe."

"Sema," nikamjibu. "Una haki."

Akasema. Alisema mengi, na mengine aliyachukua kutoka hotuba zangu mwenyewe, akayapanga vizuri. Nilisimama nikayapokea. Kisha akaishiwa pumzi, akageuka akamtazama Echata, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akikamua maji kwenye nguo yake.

"Na... wanashuka kweli?" akamuuliza, sauti imepungua. "Mwezini?"

Hapo ndipo mgomo wangu ulipokufa, na si mlangoni kama walivyosema baadaye.

Maana Echata aliwasimulia. Alisimulia kwa Kingazija, akatia Kisakalava pale wapakuzi walipohitaji. Aliwaambia juu ya uzi na bati, juu ya kioo cha milima, juu ya chokaa ya Marodoka na leso yake, juu ya kuku aliyekanyagwa. Akainuka akawaonyesha ule mwendo wa kinyumenyume palepale barabarani, na nguo yake ya harusi, watu wakafa kwa kicheko. Hakuwaficha hila hata moja. Nilidhani akimaliza hawatataka tena kuona: mtu hanunui tiketi ya uongo aliokwisha fumbuliwa. Hivyo ndivyo nilivyowajua watu baada ya miaka kumi ya kuwahutubia, Marodoka na Mahajanga.

"Wa tatu, mama?" mtu akauliza.

"Wa tatu. Mtamjua kwa makalio."

Onyesho la pili lilikuwa saa kumi na moja. Habari ilikuwa imefika bandarini, na wale hamsini wamekuwa karibu mia mbili. Waliingia wote. Mzee Tadjiddine aliingia na mjukuu wake, akanipita bila salamu. Allaoui aliingia wa mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu anayeingia nyumba ya matanga. Echata alikuwa wa kwanza.

Jumatatu karani hakuja. Tulikaa nyuma ya pazia miaka minne zaidi. Tulipohamishwa hatukuhamishwa kwa haki: filamu zilikuwa zimeanza kusema, na mahali petu palitakiwa kwa vipaza sauti.

Lakini alasiri ile nilibaki nje, na kivuli changu, na karatasi isiyomtaja mtu wetu hata mmoja. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa nguo nyeusi, na bado nilisikia. Kwanza zogo. Kisha kimya cha watu karibu mia mbili. Hapo chombo kinashuka, nikajua, hapo hakuna anayemeza.

Msiyu Lebon akachungulia.

"Wewe huingii?"

"Nimekwisha kuona."

"Mara moja?" akasema, kwa mshangao wa kweli, akaenda zake. Mlango hakuufunga.

Nilihesabu moyoni kilichobaki kabla ya watu wetu kuinuka: profesa, binti, masharubu. Nikaingia. Mabenchi yalikuwa yamejaa pomoni na hakuna aliyesogea kunipisha. Nikasimama ukutani, nyuma ya wote, wakati uleule mwezi unaanza kutikisika.