Sentimita Sita za Bi Mwanakombo

Fomu ilitaka vitu vitatu kwa kila mwenzako wa kikundi: jina, alama kati ya kumi, na sababu. Kwa Badru nilijaza mbili. Sababu nikaandika, "Hayuko makini. Vipimo vyake vimeharibu kazi ya wote." Nikaitia kwenye bahasha ya Dokta Felicitas, msimamizi wetu, nikaenda zangu kula chipsi. Sikujisikia vibaya hata kidogo.

Na nilijua mbili ile maana yake nini. Badru alikuwa anarudia mwaka wa nne. Mradi ukimwangusha tena, chuo kinamtoa, na habari ya uinjinia imeishia hapo. Nilijua, nikaandika, maana mie nikikasirika huwa nakasirika kwa mpangilio.

Tulikuwa wanne: mie Eliaichi, Tusajigwe, Praygod na huyo Badru. Sie watatu ni wa kuja. Badru kazaliwa Temeke hukohuko mradi ulipo, anamjua kila mtu, ndiyo maana hawahi popote: kila baraza lazima asimame asalimie. Mie nimetoka Machame, nikiambiwa saa mbili nafika saa mbili kasoro. Hatukupatana tangu wiki ya kwanza, na sikujisumbua kuficha.

Kazi yenyewe ilikuwa bomba moja jembamba la maji taka, lipite nyuma ya nyumba kumi na moja kule bondeni Mtoni mpaka kwenye tangi la pamoja. Gari la kunyonya haliingii kule, vichochoro vyenyewe mnapishana kwa ubavu. Choo kikijaa, watu wanasubiri mvua kubwa, wanatoboa shimo pembeni, mzigo unaondoka na mafuriko kwenda kwa jirani wa chini. Wanaita kutapisha. Katikati ya mstari anakaa Bi Mwanakombo, mjane, mtu wa palepale tangu enzi. "Mie sitapishi," alituambia siku ya kwanza, "ila natapishiwa."

Bomba letu halina pampu, linategemea mteremko tu, sentimita moja kila mita. Kwa hiyo lazima uwe na mahali pa kuanzia vipimo, mahali pasiposogea. Tulichagua ngazi ya saruji ya mlango wa Bi Mwanakombo. Alama nilipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu, mistari miwili imekatana, nikajiona injinia kamili. Yeye hakuwepo, alikuwa msibani Mbagala. Nusu ya juu ya mstari tulipima siku hiyo. Ya chini tulirudi kuipima wiki iliyofuata, mie nachungulia kwenye mashine ya kupimia, Badru kashika stafu, ile rula ndefu inayosimamishwa juu ya alama.

Mabomba yakalazwa. Jumamosi ya majaribio tukamimina ndoo thelathini za maji safi kwenye chemba ya juu kabisa, watu wa mtaa wamejaa, mwenyekiti kavaa kofia mpya. Maji yakashuka vizuri mpaka chemba ya Bi Mwanakombo, yakatuama hapo. Yaliyozidi yalijikongoja kuvuka, lakini siku vyoo vikiunganishwa kitakachobaki pale si maji. Tukapima upya haraka: nusu ya chini yote imekaa juu kwa sentimita sita.

"Badru, siku ile stafu uliisimamisha wapi?" nikamuuliza mbele za watu.

"Uliponiambia."

"Mie nilikuambia ukosee?"

Akanitazama, akaanza kukusanya ndoo. Nikaona huyu hana la kujitetea. Jumatatu ndiyo nikajaza ile fomu.

Jumatano Dokta akataka mmoja wetu aende kwa Bi Mwanakombo kumwomba radhi na ruhusa ya kufukua tena. Wenzangu wakanisukumia mie, eti ndiye mwenye mdomo. Nikamkuta ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Hakuinua uso. "Kwa hiyo hamvunji?"

"Tuvunje nini, bibi?"

"Nyumba! Si mlinipiga ekisi?" Sasa akaniangalia. "Nimerudi msibani nakuta ekisi nyekundu mlangoni kwangu. Roho ilinipaa! Nyumba zote za kule barabarani zilianza hivyohivyo, leo ekisi, kesho tingatinga. Nikamwita fundi Sadallah, nikamwambia ipige sakafu hiyo, sitaki kuiona. Akaipiga nene, mpaka leo najikwaa."

Niliomba kuiona ngazi. Nikaipima kwa rula ya mfukoni pale pembeni saruji mpya ilipokalia ya zamani. Sentimita sita.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile Badru alinipigia kelele kutoka mlangoni, "Eli, mbona alama siioni?" Na mie, jicho kwenye mashine, jua linanichoma, nikamjibu, "Weka palepale mlangoni, bwana, tusipotezeane muda!" Akaweka palepale. Nilikuwa nimesahau kabisa, au niseme ukweli, sikutaka kukumbuka. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaenda kwa Dokta Felicitas moja kwa moja, na vumbi langu miguuni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fomu nimeshazipeleka idarani," akasema. "Alama inabadilishwa kwa barua. Unaambatisha nakala ya fomu ya kwanza, na aliyepewa alama anasaini kwamba ameiona."

"Lazima aione, Dokta?"

"Ulipoandika hukutaka aione?"

Nilimkuta Badru kantini. Nikamwekea barua na nakala ya fomu mezani, nikamweleza ya ngazi, ya fundi Sadallah, na ya kelele zangu siku ile. Nikasema samahani, neno ambalo huwa halinitoki kirahisi. Akaisoma fomu taratibu. Pale kwenye mbili akaweka kidole.

"Ulijua narudia mwaka?"

"Nilijua."

Akatoa kalamu, akasaini, akanirudishia. "Tunapima lini upya?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Haya."

Nikadhani yamekwisha. Nilitoka pale mwepesi, nikampigia Tusajigwe nikamwambia Badru hana kinyongo.

Kesho yake nilifika saa kumi na mbili kasoro, nikamkuta ameshafika. Kashafunga mashine kwenye miguu yake mitatu.

"Leo nasoma mie," akasema. "We shika stafu."

Nikashika. Nikaisimamisha kwenye alama ya kwanza. Akainama, akasoma, lakini hakuitaja namba. Alisogea pembeni, akamwita Tusajigwe naye achungulie, akasubiri mpaka mwenzake ameisema kwa sauti, ndipo akamwambia Praygod aandike. Nikahamia alama ya pili. Akasoma, akamwita Tusajigwe. Praygod akacheka, "Braza, hatujiamini leo?" Badru hakucheka.

"Naamini nilichosoma," akasema. "Nataka na mtu mwingine awe ameona."

Zilikuwa alama ishirini na tatu. Zote ishirini na tatu alimwita.