Fika Ukiwa na Ndugu

Goodness alikuwa ameizunguka ofisi tangu asubuhi hadi vigae vikataka kuota njia kama ya ng'ombe. Kazi yake pale Moshi mjini ilikuwa kuandika ujumbe ambao apu ya kliniki moja ya macho huwatumia wagonjwa kwenye simu zao. Na mgonjwa mmoja, Mzee Aminieli wa Mbokomu, alikuwa hajatokea.

Jicho la kushoto la mzee lilishazimika. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, na daktari bingwa wa kumtoa alikuwa mgeni, anaondoka jioni hiyohiyo. Mzee akikosa leo, atabaki na giza pande zote mbili.

"Ujumbe kausoma," Goodness alimwambia Isack, mwenzake wa meza ya pili. "Ona, umefunguliwa."

"Mtumie tena."

"Nimemtumia mpaka naona aibu!"

Kweli alikuwa ametuma. Wa kwanza ulisema: *Fika kliniki bila kukosa, ukiwa na ndugu wa karibu.* Ukafuata mwingine: *Tunakukumbusha, muda wako unakwisha.* Na wa asubuhi hii, aliouandika huku goti likimchezacheza chini ya meza: *Hii ni nafasi yako ya mwisho.* Kila akituma, unafunguliwa palepale, halafu kimya. Akapiga simu. Aliyepokea alikuwa analia, akakata.

Goodness hakuaga mtu. Alidandia bodaboda, na ile pikipiki ilipanda mlima kwa kelele hata kuku wa njiani wakataga kabla ya siku yao. Yeye huko nyuma alikuwa anamsukuma dereva mgongoni kana kwamba ndiye injini.

Kufika kihambani, kwenye shamba linalozunguka nyumba ya mzee, migombani pamejaa watu. Mbege, pombe ya ndizi, imeshaiva, mbuzi ameshachinjwa, akina mama wanamenya ndizi, na kwaya ya usharika inaimba wimbo wa kuaga kwa sauti ya kuangusha parachichi. Katikati ameketi Mzee Aminieli mwenyewe, mzima kama jiwe la mtoni, akigawa shamba kwa fimbo.

"Kuna msiba wa nani?" Goodness alimwuliza Elinipendo, mkamwana wa mzee, aliyekuwa na macho mekundu.

"Wa baba."

"Si yule pale?"

"Bado kidogo," Elinipendo akajibu, akajifuta pua kwa kanga.

Maskini, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mzee simu, kwa kuwa mzee haoni maandishi. Alisoma kwa sauti, na majirani wakasikia. "Dada yangu," alieleza, "hospitali ikikuita peke yako, unaumwa. Ikikuita na ndugu, basi ndugu ndiye anaambiwa, wewe unanunuliwa soda. Halafu wakasema muda unakwisha! Leo wamemalizia na nafasi ya mwisho. Sisi tufanyeje?"

Goodness alihisi masikio yanawaka. Akapenya hadi mbele.

"Shikamoo baba. Ule ujumbe nimeuandika mimi. Hufi!"

"Marahaba," alisema mzee kwa upole wa mtu aliyekwisha kusamehe wote.

Yoramu, mdogo wake mzee, aliyekuwa ndiyo kwanza amegawiwa sehemu yenye mfereji, akaweka kata ya mbege chini. "Ndivyo wanavyosema siku zote, hufi, hufi. Wewe tukujue wapi, binti? Iliyosema ni simu. Basi simu ndiyo ikanushe."

Kwaya ikaanza ubeti mwingine. Jua lilikuwa linazidi kusogea. Goodness akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu yake, akaandika, akafuta, akaandika, akainuka, akaketi tena. Hatimaye akatuma.

Simu ya mzee ikalia mkononi mwa Elinipendo. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Wanaume wakavua kofia.

"*Shikamoo Mzee Aminieli,*" Elinipendo alisoma. "*Leo daktari atakutoa mtoto wa jicho, kisha jicho litafungwa bandeji. Njoo na mtu mmoja wa kukushika mkono, kwa sababu wakati wa kurudi nyumbani hutaiona njia.*"

"Rudia pale pa kurudi," alisema mzee.

"*Wakati wa kurudi nyumbani hutaiona njia.*"

Mzee akafikiri, kidevu juu ya fimbo. "Maiti haishikwi mkono," alisema, akasimama. "Shamba halijagawiwa. Twendeni!"

"Hata ile ya mfereji, meku?" Yoramu alimwuliza kaka yake.

"Hasa hiyo."

Ule ujumbe ulisema mtu mmoja. Nani alisikiliza? Ukoo mzima uliteremka mjini ndani ya Fuso la ndizi, na kwaya, kwa kuwa haikuwa imejiandaa kwa jambo jingine, iliendelea na wimbo wa kuaga hadi mlangoni. Daktari alikuwa ameshafunga begi. Akawatazama, akalifungua.

Walipokuwa wakimpasua, Goodness alizunguka kibarazani kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka muuguzi akamwambia atafute pa kukaa. Hakukaa.

Mzee alitoka ameongozwa mpaka mlangoni, jicho limefungwa. "Limekwenda vizuri," alisema muuguzi. "Nani anampeleka?"

Ukoo wote ukanyoosha mikono, wa Yoramu ukitangulia. Mzee akaipapasa na kuisukuma pembeni, mmoja baada ya mwingine.

"Ninyi mmeshaniaga," alisema. "Yuko wapi yule binti mwenye haraka?"

Goodness akasogea, akautoa mkono wake. Mzee akaushika kwa nguvu.

"Na usinikimbize," alisema.